Umepanda Treni Isiyo Yako: La Kufanya Kuanzia Dakika ya Kwanza

Kupanda treni isiyo yako, kwa kawaida, si hasara kubwa. Hasara kubwa huletwa na uamuzi unaofuata, ule unaofanywa kwa pupa: kuvuta breki ya dharura, kuruka jukwaani milango ikijifunga, au kushuka kwenye kistesheni cha kwanza kisicho na mtu ambako treni ya kurudi itapita baada ya saa mbili. Kwa hiyo tunaanzia pale ulipo sasa, ndani ya behewa, treni ikiwa imeshaondoka au iko mbioni kuondoka. Namna ya kuliepuka kosa lenyewe iko mbele, kwa mwenye safari ya kesho.

Kabla hujafanya lolote

Milango ikiwa bado wazi na una shaka, shuka na mizigo yako yote, kisha uliza ukiwa jukwaani. Usiache begi ndani eti unashuka mara moja tu. Milango ikishaanza kutoa mlio au kujifunga, baki ndani. Vihisi vya mlango wa treni vinaweza kushindwa kutambua kitu chembamba kama mkanda wa begi au pindo la koti, na treni ikaondoka kitu hicho kikiwa kimebanwa na wewe uko nje. Watu hufa hivyo. Hakuna safari inayostahili kuponyokea kwenye mlango unaofunga.

Breki ya dharura ni ya moto, ya mgonjwa aliye hatarini, ya mtu aliyenaswa mlangoni. Ukiivuta kwa sababu umekosea treni, matokeo ni mawili, na yote hayakusaidii. Kwenye treni nyingi za masafa, treni itasimama katikati ya stesheni mbili pasipo na jukwaa, treni za nyuma nazo zitasimama, na wewe utatozwa faini au utafikishwa polisi. Kwenye treni nyingi za kisasa za mjini, mpini huo unampigia dereva kengele tu, naye huendelea hadi kituo kinachofuata ndipo asimame. Yaani utafika pale pale ambako ungefika bila kuuvuta.

Sasa hakikisha kwamba umekosea kweli, maana wapo wanaoshuka treni sahihi kwa hofu. Treni kutoka stesheni kubwa inaweza kuanza kwa kuelekea upande usioutarajia, kwa sababu reli huzunguka jiji kabla ya kushika njia yake. Pia treni ikiingia stesheni ya kichwa, yaani ile ambayo reli zake zinaishia hapo hapo, itatoka kwa kurudi ilikotokea, na abiria mgeni hudhani anarudishwa nyumbani. Tazama ubao ulio ndani ya behewa, sikiliza tangazo la kituo kinachofuata, na fungua ramani kwenye simu ukiwa karibu na dirisha. Katikati ya behewa, au kwenye treni zenye vioo vilivyopakwa utando wa chuma, alama ya mahali ulipo huchelewa au hupotea kabisa. Kwenye handaki haitakusaidia.

Kisha muulize mtu, na namna ya kuuliza ina uzito. Usiseme, "Samahani, treni hii inakwenda mahali fulani, sivyo?" Mtu aliyechoka, au asiyekuelewa vizuri, atatikisa kichwa kukubali. Uliza hivi: "Samahani, treni hii inakwenda wapi? Kituo kinachofuata ni kipi?" Hapo analazimika kukutajia jina, na jina hilo unaweza kulilinganisha na tiketi yako. Uliza watu wawili wasiokaa pamoja.

Kosa lako ni la aina gani

Makosa haya hayafanani, na dawa yake hutegemea aina. Kwanza kuna kosa la upande: njia ni yako, lakini unakwenda mashariki badala ya magharibi. Hili ndilo jepesi kuliko yote, hasa kwenye treni za mjini zinazopishana kila dakika chache. Unashuka, unavuka kwa daraja au kwa njia ya chini, unarudi. Angalia jambo moja tu: vipo vituo ambavyo upande wa kwenda na upande wa kurudi havikuunganishwa kwa ndani. New York ina vituo vingi vidogo vya namna hiyo kwenye treni zake za chini ya ardhi. Ukitaka kugeuza huna budi kutoka barabarani, kuvuka na kulipa upya. Ukiwa kwenye mtandao wa aina hiyo, endelea hadi kituo kikubwa chenye njia ya kuvukia ndani.

Kwenye reli ya mzunguko, upande si kosa la kuhangaikia sana. Njia ya Yamanote mjini Tokyo ina vituo 30 na huzunguka kwa takriban saa moja. Kama kituo chako kiko upande wa pili wa duara, tofauti ya kwenda kwa mkono huu au ule ni dakika chache, na kushuka ili ugeuze kutakula muda ule ule. Kaa.

Pili ni kosa la tawi. Treni nyingi hutoka stesheni kuu kwa reli moja, zinasimama vituo vile vile kwa muda, halafu zinaachana kwenye makutano. Ukigundua kabla ya makutano, una bahati: shuka kwenye kituo chochote ambacho treni zote mbili husimama, baki kwenye jukwaa lile lile, na treni yako itakuja nyuma yako. Huna haja ya kurudi ulikotoka, na mara nyingi hutapoteza hata dakika moja zaidi ya pengo lililopo kati ya treni hizo mbili. Ukigundua baada ya makutano, itabidi urudi hadi pale njia zilipoachana, si hadi mwanzo wa safari. Wengi hurudi hadi stesheni kuu bila sababu.

Tatu ni treni ya haraka inayokipita kituo chako bila kusimama. Hapa hakuna la kufanya ila kutulia mpaka itakaposimama, kisha kurudi na treni inayosimama kila kituo. Kinyume chake, yaani kupanda treni ya kusimama kila kituo ulipotakiwa kupanda ya haraka, si kosa la kushukia popote. Utafika, umechelewa tu. Angalia kama ile ya haraka itaipita yako njiani. Mara nyingi hupishana kwenye stesheni kubwa, na hapo unahamia jukwaa la pili.

Nne, na hili huwashangaza hata wazoefu, ni treni sahihi lakini sehemu isiyo sahihi. Treni mbili huunganishwa, zinasafiri kama moja, kisha zinatenganishwa njiani, kila moja na njia yake. Huko Japani, Hayabusa na Komachi hutoka Tokyo zikiwa zimeungana na kuachana Morioka; moja inaendelea kaskazini, nyingine inakwenda Akita. Ndani hakuna mlango wa kupita kutoka moja hadi nyingine. Ukijikuta sehemu isiyo yako, usisubiri hadi stesheni ya kuachania. Hamia kwenye kituo chochote cha kabla yake ambacho treni inasimama: simama mlangoni na mizigo kabla treni haijafika, shuka, tembea haraka jukwaani, na ingia mlango wa kwanza wa sehemu yako hata kama si behewa lako. Behewa utalitafuta kwa ndani.

Tano ni treni ya njia yako lakini si ya saa yako. Utafika unakokwenda; tatizo ni tiketi, tunalifikia hapa chini.

Kuna moja zaidi, adimu lakini ya kutisha: treni tupu inayopelekwa kulala au kwenye karakana. Dalili zake ni behewa zima kuwa tupu saa ya watu wengi, taa kuzimwa, ubao wa nje kuandikwa kwamba haichukui abiria. Ikishatembea nawe, bonyeza kitufe cha kuongea na dereva au nenda kwenye behewa la mbele ugonge mlango wake, na usishuke kwenye uwanja wa karakana bila mfanyakazi wa kukuongoza. Pale treni huweza kutembea bila honi, na reli zinaweza kuwa na umeme.

Ushukie wapi

Hapa ndipo dakika zinapookolewa au kupotezwa. Jibu la haraka la wengi ni "kituo kinachofuata". Kwenye treni za mjini jibu hilo ni sawa karibu siku zote. Kwenye treni za masafa mara nyingi si sawa.

Fanya hesabu ndogo. Tuseme treni imeondoka dakika 10 zilizopita. Kituo kinachofuata ni kidogo, dakika 3 mbele, na treni ya kurudi hapo ni baada ya dakika 50. Ukishuka hapo utakuwa umerudi ulikoanzia baada ya dakika 3, kuongeza 50, kuongeza 13 za njiani: jumla 66. Ukiendelea dakika 15 hadi stesheni kubwa ambako treni za kurudi hupita kila dakika 10, basi ni 15, kuongeza 10 kama ukikosa bahati, kuongeza 25 za kurudi: jumla 50. Umekwenda mbali zaidi na umerudi mapema zaidi. Na huko stesheni kubwa kuna ofisi, choo, maji, mahali pa kukaa, na huenda pia treni inayokwenda moja kwa moja unakotaka bila kurudi mwanzo.

Kwa hiyo, kabla ya kuinuka tafuta mambo matatu kwenye ratiba au programu ya safari: treni ya kurudi inapita saa ngapi kituo hicho, inasimama au inapita tu, na kama kuna njia nyingine ya kufika unakokwenda ukitokea hapo. Ingiza kituo cha mbele kama mwanzo wa safari mpya, na unakokwenda kama mwisho. Usitafute njia ya kurudi kwanza. Programu itakuonyesha mchepuo ambao kichwa kilichojaa wasiwasi hakiwezi kuuona.

Usiku mizani hubadilika. Kabla ya kushuka kistesheni kidogo, hakikisha treni ya mwisho ya kurudi haijapita. Kama imepita, ni heri kuendelea hadi mji mkubwa, hata kama ni saa nzima mbele, kuliko kubaki kwenye jukwaa lisilo na taa wala mfanyakazi. Kwenye reli yenye njia moja tu ya kupita treni, inawezekana pia kwamba treni ya kurudi ndiyo hiyo hiyo uliyomo, itakapofika mwisho na kugeuza. Hapo kushuka njiani hakukuongezei kitu. Muulize kondakta.

Na kama treni inavuka mpaka wa nchi ilhali huna pasipoti au viza, shuka kabla ya mpaka, kituo chochote kile. Hilo halina hesabu.

Ukishuka, usivuke reli kwa miguu kufuata jukwaa la pili, hata kama ni hatua tano na hakuna treni inayoonekana. Treni iliyosimama huficha ile inayokuja nyuma yake. Zipo njia zenye reli ya tatu inayobeba umeme wa volti 600 hadi 750, nayo kwa macho haina tofauti kubwa na reli nyingine. Tumia daraja.

Tiketi na mkaguzi

Mtafute mkaguzi kabla yeye hajakutafuta. Abiria aliyejitokeza na abiria aliyekutwa husikilizwa kwa namna tofauti, na kwenye reli nyingi mkaguzi ana hiari ya kusamehe, kukutoza tofauti ya nauli tu, au kukuandikia faini kamili. Sema kwa ufupi: "Nimepanda treni hii kwa makosa. Tiketi yangu ni ya treni namba fulani. Nishukie wapi?" Mwonyeshe tiketi halali ya siku hiyo. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye faida zaidi, maana yeye anaijua njia kuliko programu yoyote, na anaweza kupiga simu mbele.

Akikuruhusu kurudi bila kulipa, mwombe aandike au agonge muhuri kwenye tiketi. Ruhusa ya mdomo haitatambuliwa na mkaguzi wa treni ya kurudi. Tiketi iwe ya karatasi au ya simu, usiitupe wala kuifuta mpaka umefika.

Tiketi za bei ya chini mara nyingi hufungwa kwa treni moja tu. Ukiwa umepanda ya kabla au ya baada yake, tiketi hiyo kwenye treni uliyomo inaweza kuhesabiwa kama haipo. Kama kosa limetokana na stesheni yenyewe, kwa mfano jukwaa lilibadilishwa dakika za mwisho au ubao ulionyesha treni nyingine, hiyo ni hoja nzuri, ila inahitaji ushahidi. Piga picha ya ubao, andika saa, jukwaa na namba ya treni papo hapo. Kumbukumbu ya kesho haitoshi kwenye madai ya fidia.

Kama unayo treni ya kuunganisha, toa taarifa kabla muda wake haujapita. Ikiwa safari yote ilikatwa kwa tiketi moja, kampuni ya reli ina sababu ya kukupangia upya. Ikiwa ni tiketi mbili ulizonunua mbalimbali, ya pili kwa kawaida inahesabika umeikosa mwenyewe. Kwenye treni za kulala, kitanda ambacho mwenyewe hakutokea kinaweza kugawiwa abiria mwingine. Ukipiga simu mapema unaweza kukiokoa.

Mmoja ndani, mwingine jukwaani

Milango imefunga, mtoto yuko ndani na mzazi yuko nje, au wazee wawili wametenganishwa na msongamano. Kanuni ifaayo ni hii: aliyechukuliwa na treni anashuka kituo kinachofuata na kusimama pale pale aliposhukia, karibu na mfanyakazi, aliyebaki anamfuata kwa treni inayofuata ya njia hiyo hiyo. Mmoja tu ndiye anayetembea. Kinachowapoteza watu ni wote wawili kutembea: huyu anarudi, yule anafuata, wanapishana katikati.

Kanuni hiyo ifundishwe kabla ya safari. Mtoto wa miaka sita anaweza kuishika: shuka, simama, usiondoke. Lakini inafaa pale tu vituo vikiwa karibu na treni ni za mara kwa mara. Kama kituo kinachofuata kiko nusu saa mbele, mwambie mfanyakazi wa jukwaani mara moja. Taja namba ya treni, behewa, nguo alizovaa. Wao watawasiliana na kondakta, na mtoto atabaki mikononi mwa mtu hadi stesheni yenye wafanyakazi. Kabla ya kupanda, mtu mzima mmoja aingie wa kwanza na mwingine awe wa mwisho; ukiwa peke yako na watoto, wao watangulie.

Kwa nini hutokea, na jinsi ya kukagua mlangoni

Sababu kubwa ya kosa hili si uzembe. Ni kuamini saa na jukwaa peke yake. Tiketi inasema saa 1:40, jukwaa la 7. Unafika saa 1:39, treni ipo jukwaa la 7, unapanda. Kumbe ile ni treni iliyotangulia, imechelewa dakika kumi na tano, na yako imesimamishwa nje ya stesheni ikisubiri nafasi. Siku ambazo treni zinachelewa ndizo siku za kutazama namba kwa makini zaidi.

Sababu nyingine ni jukwaa moja kubeba treni mbili, moja mbele na nyingine nyuma, zikitofautishwa kwa herufi tu. Pia kuna mazoea ya upande: Uingereza, Ufaransa, India na Japani treni hupita kushoto, Ujerumani hupita kulia, na mjini Paris treni za metro hupita kulia ilhali treni za kawaida za Ufaransa hupita kushoto. Anayechagua jukwaa kwa mazoea ya kwao atakwenda kinyume. Yako pia majina: Frankfurt (Main) na Frankfurt (Oder) ni miji miwili iliyoachana kwa Ujerumani nzima, na miji mikubwa huwa na stesheni kadhaa zenye jina la mji huo huo.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mtego wa saa. Ratiba huandikwa kwa saa 24: 19:40 ni saa 1:40 usiku, 07:40 ni saa 1:40 asubuhi. Na treni ya 00:15 ya tarehe 12 inaondoka usiku wa tarehe 11 kuamkia 12. Ukifika stesheni tarehe 12 usiku, treni yako iliondoka karibu saa 24 zilizopita, na ile unayoiona jukwaani, yenye namba ile ile na saa ile ile, ni ya tarehe 13.

Fika jukwaani angalau dakika 10 kabla. Kwenye reli nyingi milango hufungwa sekunde 30 hadi dakika 2 kabla ya saa iliyoandikwa, na anayefika akikimbia hana nafasi ya kusoma. Ukiwa kwenye mlango wa behewa, soma kwa mpangilio huu: namba ya treni kwanza, kituo cha mwisho, kisha orodha ya vituo itakavyosimama. Cha mwisho peke yake hakitoshi, maana treni mbili zinaweza kuishia mji mmoja kwa njia tofauti. Kama orodha haipo, muulize mfanyakazi swali lile lile: inakwenda wapi, na inasimama wapi.

Kama treni ni ya kutenganishwa, soma pia ubao wa behewa lenyewe, si wa jukwaa. Ukiwa umechelewa na huwezi kufika behewa lako, ingia lolote la sehemu inayokwenda kwenu, kisha tembea kwa ndani. Kama hujui sehemu yako ni ya mbele au ya nyuma, piga kelele umwulize mfanyakazi aliyeshika kipenga.